Jinsi ya kwenda kuusoma mnara wa Zelewski pale Lugalo (usirudi na selfi tu)

Haya wadau, hii ni ya nyie mnaopanda basi la Iringa kila siku mkishamaliza Kitonga mnalala mpaka stendi. Pale Lugalo, ukitokea Dar, ukishapita Ilula na kabla hujafika mjini, kuna mnara wa Mjerumani, umewekwa kwa ajili ya Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la koloni la Kijerumani, na wenzake waliouawa na jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, tarehe 17 Agosti 1891. Wengi wanaupita tu, wachache wanashuka, na hao wanaoshuka nusu yao wanaegemea jiwe, wanapiga selfi, wanaandika "historia yetu" basi wameondoka. Mi nimeenda mara tatu, ya kwanza nilipotea, ya pili nikafika nikasahau kilichonipeleka, ya tatu ndo nikaenda najua nafanya nini, kwa hiyo nawaelekeza kwa makosa yangu mwenyewe.

Tuanze na kufika maana hapo ndo nilipochemka. Ukimwambia bodaboda wa Iringa mjini "nipeleke Lugalo" atakupeleka Lugalo sekondari, iko hapohapo mjini, na mimi nilipelekwa kweli nikashushwa getini saa nne asubuhi na begi langu mgongoni wanafunzi wananishangaa. Ukiandika Lugalo kwenye ramani ya simu nayo inakurusha Dar, kambi ya jeshi na hospitali ya jeshi. Hayo majina yote yanarudi kwenye vita hiihii kwa hiyo simu haijakosea sana, ila nauli ya boda ilikuwa yangu sio ya simu. We sema hivi: "Lugalo ya barabara ya Morogoro, kwenye mnara wa Wajerumani." Kama unatoka mjini panda gari za Ilula, mwambie konda mapema akushushe Lugalo na umkumbushe tena mkikaribia, maana konda akishaanza kuhesabu hela za abiria wa Ilula ameshakusahau. Kama una gari yako, toa gari nje ya lami kabisa. Hii ndo barabara ya Zambia, malori yanashuka hapo na mzigo na dereva hana muda na mtu anayesoma historia pembeni ya barabara.

Nenda kiangazi, Juni mpaka Oktoba, mvua zikiisha nyasi zinakuwa zimepungua na maandishi yanaonekana, ukienda Machi utapambana na majani na matope. Ila Juni na Julai Iringa ni baridi, asee baridi, ukitoka Dar na tisheti utajuta, beba sweta. Mi siku hizi nalenga asubuhi na mapema, upepo haujaanza na jua bado liko chini, na jua la chini lina kazi yake nitaisema mbele.

Ukifika usikimbilie jiwe. Salimia kwanza. Ukikuta mzee au mama yuko shambani au amekaa nje, mfuate, "shikamoo", akiitika "marahaba" ongeza "kamwene", salamu ya Kihehe, utaona uso unavyofunguka, halafu eleza umetoka wapi na umekuja kuangalia nini. Sio suala la adabu tu. Mtu akitokea na simu akaanza kupima-pima jiwe la Mjerumani bila kusema neno, wenyeji wanaweza kudhani unatafuta hela za Mjerumani, si mnajua zile stori za Mjerumani kufukia dhahabu kila penye jiwe lake, watu wamechimba minara nchi hii kwa ujinga huo. Mzee niliyemkuta safari ya tatu swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo, "umekuja na kile kimashine?" yaani cha kutafutia dhahabu. Nikamwonyesha begi, daftari na chupa ya maji, akacheka, akatangulia mbele kunionyesha njia.

Sasa kusoma. Toa daftari, simu iache mfukoni kidogo. Nakili maandishi kama yalivyo, mstari kwa mstari, jiwe likikata mstari na wewe kata hapohapo, herufi usiyoiona weka kidoti usibahatishe. Hata kama Kijerumani hujui nakili hivyohivyo, utatafsiri baadaye ukiwa umetulia na bando. Maneno machache yatakusaidia papo hapo kwenye minara na makaburi mengi ya Wajerumani nchi hii: "gefallen" maana yake ameanguka vitani, yaani kauawa akipigana. "Leutnant" ni luteni. "Unteroffizier" na "Feldwebel" ni masajenti na wenzao, sio maafisa. "Von" katikati ya jina ni alama ya ukoo wa kibwanyenye. "Schutztruppe" ni jeshi la koloni, tafsiri yake ya neno kwa neno ni kikosi cha ulinzi, na kilikuwa kinamlinda nani utajaza mwenyewe.

Halafu kuna maneno mawili usiyachanganye. Jiwe likisema "hier ruht" au "hier ruhen" linasema hapa amelala, hapa wamelala, hilo linadai kuna mwili chini. Likisema "zum Andenken" linasema kwa kumbukumbu tu, mwili unaweza kuwepo au usiwepo. Watu wanaandika "kaburi la Zelewski" kila mahali kwa mazoea, sasa we kabla hujaandika hivyo angalia jiwe linadai nini. Kumbuka siku ile waliosalimika walikimbia, maiti zilibaki porini, hakukuwa na mazishi ya siku ileile wala kesho yake. Kwa hiyo mi naandika mnara, na sijutii.

Ukikutana na maandishi ya kale ya Kijerumani yale yenye mikunjo, jihadhari na s, katikati ya neno inafanana na f, na k kubwa inakaa kama r. Na ukija kutafuta habari mtandaoni jaribu pia "Rugaro", Wajerumani waliliandika hivyo jina la mahali, nilikaa miezi natafuta Lugalo napata hospitali tu.

Maandishi yakiwa yamefifia USIKWANGUE. Usipake chaki wala mkaa, usimwagie sabuni, usichokonoe ukoga na funguo, nimeona mtu anafanya hivyo kwenye kaburi lingine sitaki kusema wapi, alipomaliza herufi zilikuwa zimeondoka na ukoga wake. Dawa ni mwanga wa pembeni. Washa tochi ya simu, iweke karibu sambamba na uso wa jiwe, upande wa kushoto, halafu kulia, halafu chini, usimulike usoni. Kila mkwaruzo unatupa kivuli na herufi inanyanyuka yenyewe, hata zile ulizodhani zimekufa. Jua la asubuhi linafanya kazi hiyohiyo bure, ndo maana nikasema wahi. Kukiwa na jua kali mwombe mtu asimame akuwekee kivuli na kanga au koti alafu umulike. Piga picha ya jiwe zima, piga ya kila upande, weka mkono au kalamu pembeni ijulikane ukubwa, kisha piga moja umegeuza mgongo kwa jiwe, yaani kile ambacho jiwe linakiangalia. Hiyo ya mwisho watu hawapigi kabisa na mi naona ndo kubwa kuliko zote.

Kwa nini? Kwa sababu vita yenyewe iko kwenye ardhi. Geuka uangalie miamba, vichaka, mteremko. Zelewski alikuwa anakuja na msafara mrefu umejipanga mstari mmoja mmoja kwenye njia nyembamba, mizinga imefungwa juu ya punda bado haijaunganishwa, askari wengi bunduki hazijajazwa risasi. Njiani alikuwa ameshachoma vijiji vya Wahehe, anaona hawa watu wa mikuki watafanya nini. Wahehe kama 3,000 walikuwa wamelala humohumo kwenye vichaka na mawe wanasubiri ishara ya bunduki moja. Stori inavyosimuliwa ofisa mmoja wa Kijerumani kaona ndege, kafyatua, basi Wahehe wakajua ishara hiyo, wakatoka. Dakika chache tu, watu wanasema kumi, kumi na tano, mambo yakawa yameisha, kikosi cha nyuma cha Luteni von Tettenborn ndicho kilichobaki na pumzi ya kurudi nyuma. Zelewski mwenyewe inasemwa alichomwa mkuki na kijana wa miaka 16 akiwa juu ya punda. Sasa simama pale, hesabu hatua zako kutoka kichaka mpaka njia, ndo utaelewa kwa nini risasi hazikusaidia kitu. Mi nilihesabu hatua 22 kutoka jiwe moja kubwa mpaka kwenye kijia, sisemi ndo jiwe lenyewe wala njia yenyewe, miaka 130 na zaidi vichaka vinahama, ila hatua 22 mtu mwenye mkuki anazimaliza wewe bado unatafuta risasi kwenye mkoba.

Baada ya hapo rudi kwenye majina uhesabu. Hesabu inayotajwa siku zote ni hii, Wazungu 10 walikufa, askari kama 250, wapagazi karibu 100. Chukua daftari lako, hesabu majina uliyonakili, yapange kwenye hayo makundi matatu, uone kila kundi limepata majina mangapi. Wala usiniulize mimi, fanya mwenyewe ukiwa umesimama pale maana ukiifanya nyumbani haiumi. Na hao askari usiwaite tu "askari wa Mjerumani" ukamaliza. Wengi walikuwa Wasudani waliochukuliwa Misri, na wengine walioitwa Wazulu, hao walitoka Msumbiji. Mtu katoka Cairo kwa mkataba wa mshahara, kaja kufia Uhehe, na kwao hakuna aliyejua kalala wapi. Wapagazi ndo kabisa, mtu kabeba mzigo wa mwingine mpaka kauawa nao. Na Wahehe waliokufa siku hiyo nao hawakuwa wachache, Mkwawa alishinda lakini alipoteza watu wengi kiasi cha kumuuma, waulizie hao nao uone wana jiwe wapi.

Kitu kingine, jiwe lolote la ofisa linaanzia siku aliyokufa, yaliyotangulia limenyamazia, kwa hiyo ukirudi tafuta miaka yake ya nyuma. Huyu Zelewski ukimtafuta unamkuta Pangani mwaka 1888, wakala wa kampuni ya Kijerumani, Agosti ile analazimisha bendera ya kampuni ipandishwe pale watu wanamkatalia, mpaka Wajerumani wakaingia msikitini na mbwa, na Pangani ikalipuka, ndo ikawa vita ya Abushiri, kiongozi wa watu wa pwani waliowapinga Wajerumani. Wajerumani walimnyonga Abushiri Desemba 1889, Zelewski akapanda cheo, 1891 Schutztruppe inaundwa yeye ndo kamanda. Huku bara watu walimpa jina la Nyundo. Sasa ukiwa Lugalo ukasema "Nyundo" badala ya Zelewski mazungumzo yanakwenda haraka zaidi, jina la Kijerumani linamfunga mtu mdomo, ni gumu kutamka hata mimi naliandika kwa kunakili.

Mzee wangu yule alisikiliza hayo ya Pangani mpaka mwisho, alikuwa hajawahi kuyasikia, akasema, "kumbe alianza huko kwenu pwani." Nikamwambia ndio babu, alianza kwetu. Akatikisa kichwa, "mngemmalizia hukohuko." Tukacheka wote.

Lugalo peke yake ni nusu ya safari. Siku inayofuata nenda Kalenga, upande wa pili wa Iringa, barabara ya kwenda hifadhi ya Ruaha, kama kilomita 15 kutoka mjini. Hapo ndo palikuwa na ngome ya Mkwawa, Wajerumani chini ya gavana von Schele, ofisa Tom von Prince akiwemo, waliipiga mizinga wakaiteka 30 Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Lugalo, yaani walirudi kulipiza. Mkwawa akakimbilia porini miaka minne, wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake, na mdogo wake Mpangile wakamweka utemi kisha wakamnyonga 1897. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa akiwa amezingirwa akajipiga risasi pale Mlambalasi, Wajerumani wakakata kichwa wakaondoka nacho. Sasa ndani ya makumbusho ya Kalenga liko fuvu lake, limerudi 19 Juni 1954 na gavana wa Kiingereza Twining mwenyewe kalileta, wakati mkataba wa Versailles, ule wa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ulishaagiza lirudishwe tangu 1919. Hesabu hiyo miaka nayo, iandike kwenye ukurasa uleule ulioandika majina ya Lugalo. Kiingilio kipo, na sehemu za serikali siku hizi mara nyingi unalipa kwa kontroo namba kwa hiyo weka salio kwenye simu usije ukaishia getini na noti zako. Picha za fuvu uliza kwanza, na hata ukiruhusiwa jifikirie, huyo ni babu wa watu walio hai, wako hapohapo Kalenga.

Ukiwa na siku ya tatu na gari la maana, Mlambalasi ni mbele zaidi kwenye upande huohuo, mwili wake uko huko. Kwa hiyo mtu mmoja ana sehemu mbili, kichwa huku mwili kule. Ukitoka kule ukarudi kupita Lugalo unaona ule mnara tofauti kabisa, mi niliuona dirishani tu na sikushuka.

Utaratibu huu unakufaa na kwingine pia, mimi sasa hivi kila jiwe la ofisa nalifanyia hivihivi. Tom von Prince huyohuyo, watu walimwita Bwana Sakarani, aliuawa Tanga tarehe 4 Novemba 1914 kwenye vita na Waingereza, kwa hiyo ukienda makaburi ya Wajerumani Tanga unaendeleza stori ya Iringa. Kapteni Selous Mwingereza aliyeuawa 4 Januari 1917 yuko Beho Beho ndani ya hifadhi ya Nyerere, huko huendi na boda, utalipa hifadhi. Na kama uko Dar huna nauli, nenda pale sanamu ya Askari katikati ya mji, imewekwa 1927 mahali ilipokuwa imesimama sanamu ya shaba ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, tangu 1909 mpaka Waingereza wakaing'oa. Pale kuna maandishi ya Kiswahili, kaa dakika kumi uyasome, na utafute kama kuna jina hata moja la mtu.

Picha ukiposti usiandike "kaburi la shujaa" wala "kaburi la adui" halafu ukaacha watu watukanane. Mi naandika hivi, mnaweza kunakili: "Mnara wa Emil von Zelewski (Nyundo) na Wajerumani wenzake, Lugalo, Kilolo, Iringa. Waliuawa na jeshi la Mkwawa 17 Agosti 1891. Siku hiyo walikufa pia askari kama 250 na wapagazi karibu 100 upande wa Wajerumani, na Wahehe wengi." Mahali halisi pa jiwe weka pini tu kwenye ramani, watu wa kesho wasije wakapelekwa sekondari kama mimi.

Kurudi, ukisimama barabarani jioni mabasi makubwa ya Dar hayatakusimamia hapo, usipoteze muda kupunga mkono. Dandia yoyote inayokwenda Ilula ukapande kule, na kwa kuwa utasubiri, nunua kabisa nyanya na vitunguu, ndoo ya Ilula ukiifikisha Dar utasahau hata nauli. Ila chagua mwenyewe kutoka juu mpaka chini, nyanya mbovu huwa zinakaa katikati.